Breki ya mbele na sekunde tatu za njano

Muulize dereva bodaboda wa Dar es Salaam anasimamaje akifika kwenye mataa, atakuonyesha mguu wake wa kulia. Breki ya mkono, ile ya gurudumu la mbele, wengi hawaigusi. Kijana anapoingia kijiweni, miongoni mwa mambo ya mwanzo anayoambiwa na waliomtangulia ni kwamba ya mbele inapindua: ukiibana inakurusha juu ya usukani, wewe na abiria wako. Basi anajifunza kukanyaga. Fundisho hilo hupokezanwa kwa nia njema kabisa, kaka akimwambia mdogo wake, na ndilo linalowaingiza vijana wetu chini ya magari pale taa inapobadilika.

Tunapozungumzia ajali za bodaboda tunataja mwendo, pombe, mishikaki na kofia ngumu. Yote ni kweli na yamesemwa sana. Namna ya kusimama hatuitaji, kana kwamba kila aliyejua kuondoka anajua pia kusimama. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kibiashara, maelfu kwa maelfu ya vijana wameingia kwenye kazi hii wakiwa wamefundishwa klachi, gia na moto na rafiki zao kwa siku chache kwenye uwanja wa vumbi. Breki walifundishwa kwa sentensi moja, tena yenye kosa.

Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wote wa chombo, dereva na abiria husukumwa mbele. Aliyewahi kusimama kwenye daladala iliyojaa anajua: dereva akikanyaga breki ghafla, kundi zima linakwenda kumlalia aliye mbele. Kwenye pikipiki, mzigo huo unaangukia gurudumu la mbele. Tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami, la nyuma linabaki jepesi. Na tairi hushika barabara kwa kadiri linavyokandamizwa. Ndiyo maana kwenye lami kavu, dereva anaposimama kwa nguvu, asilimia 70 ya kazi au zaidi hufanywa na breki ya mbele. Abiria akiwepo, la nyuma linapata uzito kidogo na linasaidia zaidi, lakini hata hapo la mbele ndilo lenye kazi kubwa. La nyuma ukilikanyagia kupita uwezo wake linajifunga, na gurudumu lililojifunga linaserereka tu, huku mkia wa pikipiki ukitafuta njia yake wenyewe.

Tuchukue kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo ukomo wa mwendo kwenye maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo pikipiki inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja tangu aione njano mpaka mkono au mguu wake uanze kazi, kwa hiyo mita 14 zimekwisha kabla breki haijashika. Kuanzia hapo, anayezitumia breki zote mbili vizuri kwenye lami kavu atasimama ndani ya mita 16 hivi. Anayetumia mguu peke yake atahitaji karibu mita 28. Lakini kinachonitisha zaidi ya tofauti hiyo ya mita 12 ni hiki: pale ambapo wa kwanza amekwisha simama na kushusha mguu chini, wa pili bado anapita kwa kilomita 32 kwa saa. Hapo kuna kivuko cha waenda kwa miguu. Kuna mama mwenye beseni la ndizi kichwani, na watoto wa shule wameshikana mikono.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye taa. Njano ya makutano ya mjini kwa kawaida huwaka sekunde 3 hivi. Dereva wetu yuko mita 35 kabla ya mstari inapowaka. Mwenye breki zote mbili anahitaji mita 30 kwa jumla. Anasimama na nafasi inabaki. Mwenye breki ya mguu anahitaji mita 42. Hawezi kusimama kabla ya mstari hata angetaka. Mwili wake unalijua hilo kwa uzoefu, hata kama hajawahi kulipigia hesabu. Basi anafanya jambo pekee analoona limebaki: anaongeza moto. Mstari anauvuka njano ikiwa bado inawaka, lakini makutano yetu ni mapana, na akiwa katikati nyekundu imeshawaka upande wake na kijani iko njiani kwa upande wa pili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Tumezoea kusema anayepita nyekundu hana nidhamu, na wapo wa aina hiyo, tena si haba. Lakini kwa miaka mingi ya kutazama barabara hizi nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya wanaopita ni watu waliofika kwenye taa wakiwa hawana uwezo wa kusimama. Nusu ya breki zao imelala bila kazi. Ukimpiga faini leo, kesho atarudi pale pale na mguu ule ule.

Nenda ukasimame kwenye mataa ya Magomeni, pale Barabara ya Kawawa inapokatana na ya Morogoro, saa za jioni watu wanaporudi nyumbani. Mabasi ya mwendokasi yana njia yake katikati, na baadhi hukata kona kuelekea Morocco. Pembeni yapo magari madogo, malori, bajaji, na katika kila upenyo pikipiki. Njano ikiwaka, tazama mikono. Pikipiki aina ya Boxer inakuja na abiria aliyekaa upande, mkoba mapajani. Vidole vinne vya mkono wa kulia vya dereva vimekumbatia mpini wa moto, hakuna hata kimoja kilichonyooka kuelekea kwenye mkono wa breki. Tairi la nyuma linalia, mkia unakwenda kushoto kisha kulia, dereva ameshusha miguu yote miwili na soli za kandambili zinakwaruza lami. Abiria ameshika shati la dereva kwa ngumi. Pikipiki inakuja kutulia mita tatu mbele ya mstari, juu ya pundamilia, na wanaovuka wanaizunguka bila kusema neno. Nyuma yake lipo basi la mwendokasi lenye urefu wa mita 18 linaloanza kupinda.

Hakuna aliyeumia. Dereva mwenyewe ataona amesimama vizuri. Na hivyo ndivyo kosa linavyoendelea kuishi, kwa sababu mara nyingi linasameheka.

Tatizo hili halikuanza Dar es Salaam. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walitoa ripoti iliyotokana na uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Timu yake ilikwenda mpaka barabarani, ikapima alama za matairi na kuzungumza na waliohusika. Waligundua kwamba makutano ndiyo mahali ajali inapotokea zaidi, na kwamba katika ajali zilizohusisha chombo kingine, mara mbili kati ya tatu ni dereva wa chombo hicho kingine aliyemnyima mwendesha pikipiki haki yake ya kupita. Na waendesha pikipiki wenyewe? Walikanyaga ya nyuma kupita kiasi mpaka ikaserereka, na ya mbele wakaitumia chini ya uwezo wake. Hao walikuwa Wamarekani, wengine juu ya pikipiki kubwa kuliko zetu mara kadhaa. Hofu ya breki ya mbele ni ya binadamu yeyote ambaye hakufundishwa.

Tena si hofu ya bure, na yeyote anayetaka kuwabadilisha madereva aanze kwa kulikubali hilo. Breki ya mbele ikibanwa kwa pupa, kabla uzito haujahamia mbele, tairi linaweza kujifunga na pikipiki ikalala papo hapo. Ukiibana wakati usukani umepinda, au juu ya mchanga uliomwagwa na lori la kifusi, unaanguka. Mkongwe wa kijiweni anayemwonya kijana huenda aliwahi kuanguka hivyo na kovu analo. Alichokosea ni dawa aliyoichagua. Aliacha kuitumia badala ya kujifunza kuitumia.

Kuitumia kwenyewe kunataka utulivu wa mkono. Achia moto. Nyoosha usukani. Gusa mkono wa breki taratibu kwanza, kiasi cha kuhisi pikipiki ikiinama mbele. Hapo ndipo uzito unapohama, na kuhama huko huchukua chini ya sekunde moja. Tairi likishakandamizwa, endelea kubana kwa kuongeza, huku mguu ukikanyaga ya nyuma kwa wepesi. Kadiri unavyobana ya mbele, ndivyo mguu unavyopaswa kulegea. Macho yabaki mbele, yasiangalie tairi, kwa sababu pikipiki hufuata macho. Klachi ishikwe mwishoni kabisa, injini isizimike. Wengi huanza na klachi, na hapo wanaipoteza breki ya injini ambayo ingewapunguzia mwendo bila kuwagharimu chochote. Wanaoteremka mlima gia ikiwa huru ili kuokoa petroli, kisha wakakuta taa chini ya mteremko, wanafika pale na mwendo ambao hakuna kitu kilichoupunguza. Na ikitokea tairi la mbele limeanza kuteleza, achia kidogo mara moja, likishika tena ndipo ubane upya.

Hayo hayajifunzwi kwenye foleni. Yanataka lami tupu, asubuhi, bila abiria, kuanzia kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40, kurudia mpaka mkono uzoee. Siku taa itakapobadilika ghafla hakuna muda wa kufikiri. Mkono hufanya ulichozoea kufanya.

Lakini hata mkono uliofunzwa unahitaji breki iliyo hai. Pikipiki nyingi za biashara tunazoziona zina breki za ngoma. Ya nyuma inavutwa na fimbo ya chuma, na nati yake unaweza kuikaza kwa vidole ukiwa umechuchumaa kando ya barabara. Ya mbele inavutwa na waya. Waya hurefuka, huingia maji na vumbi, hukauka, huota kutu ndani ya ganda lake. Nimemtazama fundi, chini ya mwarobaini, akiibana breki ya mbele ya pikipiki iliyoletwa kubadilishwa oili: mkono wa breki ulikuja mpaka ukagusa mpini, na gurudumu likaendelea kuzunguka. Alipoifungua ngoma, breki shuu moja ilikuwa imeliwa mpaka karibu na chuma. Nyingine ilikuwa nzima lakini imejaa unga mweusi na inang'aa kama kioo. Mwenye pikipiki hakuwa na habari. Ya nyuma ilikuwa imekazwa mpaka nati imefika mwisho wa fimbo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ya mbili.

Kwenye ngoma nyingi kuna kimshale kidogo kando ya mkono unaosukuma breki, na alama iliyochongwa kwenye bamba. Ukikanyaga breki kwa nguvu na mshale ukapita alama, shuu zimekwisha, hata kama nati bado ina nafasi ya kukazwa. Ni madereva wachache mno waliowahi kuonyeshwa. Hapa nina neno kwa matajiri, yaani wenye pikipiki, pia. Anayepokea hesabu kila jioni huuliza oili imebadilishwa lini, kwa sababu oili ikikosekana injini inakufa na mali yake imepotea. Breki ya mbele ikifa, anayepotea ni kijana wa watu. Bei ya waya mpya na shuu mpya haikaribii gharama ya injini hata kidogo, na dereva aliye kwenye mkataba wa mwaka mzima hana mtu mwingine wa kumkumbusha.

Ipo njia nyingine ya kupunguza tatizo hili, nayo imeshatumika mahali pikipiki hizi zinakotoka. India, wanakotengeneza Boxer na TVS, kanuni ziliwataka watengenezaji kuanzia Aprili 2018 kwa miundo mipya, na Aprili 2019 kwa pikipiki zote mpya, waweke mfumo unaozuia magurudumu kujifunga kwenye pikipiki zenye injini inayozidi cc 125, na kwenye zisizozidi hapo angalau mfumo wa kuunganisha breki. Huo wa kuunganisha ni rahisi: dereva akikanyaga, sehemu ya nguvu inapelekwa pia mbele, hata asipogusa mkono. Ulaya ilianza na kanuni za namna hiyo mwaka 2016. Mfumo wa kuunganisha hautaki kompyuta, na unafungwa hata kwenye breki za ngoma. Dereva wetu anayekanyaga tu, kama alivyofundishwa, angepata sehemu ya breki ya mbele bila kujua. Pikipiki nyingi zinazozunguka mitaani kwetu hazina. Sioni sababu ya viwango vya nchi kukubali pikipiki iwe na breki pungufu kwa sababu tu inakwenda kubeba abiria Mbagala badala ya Mumbai.

Turudi kwenye taa. Umesimama salama, lakini kazi haijaisha. Hatari sasa iko nyuma yako. Swichi ya taa ya breki kwenye mkono wa mbele mara nyingi imekufa, kwa hiyo ukiwa umesimama weka mguu wa kushoto chini na wa kulia uendelee kukanyaga kidogo, taa nyekundu iwake mpaka gari la nyuma lisimame. Baki kwenye gia namba moja, klachi mkononi, jicho moja kwenye kioo. Vioo vingi vimeng'olewa eti vinakwamisha kupenya kwenye foleni, na dereva anabaki hajui kinachomjia. Usisimame katikati kabisa ya mgongo wa gari lililo mbele; simama upande mmoja ili uwe na pa kukimbilia.

Na kamwe usijibanze kushoto mwa lori kwenye taa. Dereva wa lori anakaa kulia, juu, na pikipiki iliyo karibu na gurudumu lake la kushoto mara nyingi haionekani kwenye vioo vyake. Kijani ikiwaka naye anakata kushoto, mkia wa lori unakuja ndani kuliko kichwa. Unabanwa kati ya matairi na ukingo wa barabara, naye anaendelea na safari akidhani amepanda tuta.

Wengi pia huumia sekunde ya kwanza ya kijani. Vijana wanatangulia mbele ya mstari, wanasoma taa ya upande wa pili, na inapogeuka njano kule wao wanaondoka. Wanasahau kwamba kule nako kuna mwenzao wa mita 35 aliyeamua kuongeza moto. Saa za msongamano kuna jambo jingine: askari wa usalama barabarani anapokuwa katikati ya makutano, ishara za mkono wake ndizo zinazofuatwa, si taa. Kwa hiyo kijani peke yake haitoshi. Tazama kulia kwanza, kwa sababu huko ndiko magari yanakokufikia mapema zaidi, kisha kushoto, kisha kulia tena, ndipo uachie klachi.

Mvua ya kwanza ya vuli inastahili onyo lake. Lami iliyo karibu na mstari wa kusimamia ndiyo iliyodondokewa na oili na dizeli za malori yanayosubiri taa kwa miezi mingi ya kiangazi, na imesuguliwa na matairi mpaka inang'aa. Manyunyu yakiigusa, oili inapanda juu. Rangi nyeupe ya mstari na ya pundamilia nayo inateleza. Maliza kazi kubwa ya breki kabla ya kufika hapo, ukiwa bado kwenye lami yenye mikwaruzo.

Abiria naye ana sehemu yake. Anayekaa upande hana kitu cha kumzuia asitupwe mbele dereva anaposimama, kwa hiyo anamnyima dereva uhuru wa kushika breki inavyotakiwa. Kaa kwa kupanda, magoti yabane, mkono mmoja ushike kishikio cha nyuma. Kofia ngumu uivae na uifunge. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kigali abiria wa pikipiki kuvaa kofia ni jambo la kawaida; joto na jasho visiwe kisingizio chetu.

Barabara zenyewe zinaweza kutusaidia. Barcelona na miji ya Taiwan imechora kisanduku cha pikipiki mbele ya magari, kati ya mstari wa magari na pundamilia. Pikipiki zinapenya zikakaa pale, mbele ya macho ya kila dereva, bila kupanda juu ya kivuko na bila kujificha pembeni mwa lori. Vijana wetu wameshajichorea kisanduku hicho kichwani. Kila jioni wanajikusanya hapo hapo. Kilichobaki ni kurudisha mstari wa magari nyuma mita chache na kuipa rangi nafasi hiyo.

Na leseni. Uingereza, anayetaka leseni ya pikipiki, kabla hajapelekwa barabarani na mtahini, hupimwa kwenye eneo lililofungwa, na mojawapo ya majaribio ni kufikisha angalau kilomita 50 kwa saa kisha kusimama ghafla anapopewa ishara, bila kuserereka hovyo wala kuanguka. Asipoweza, anarudi kufanya mazoezi. Jaribio hilo linawezekana kabisa kwetu kwa kila anayeomba leseni ya kubeba abiria. Linataka kipande cha lami cha mita 100 hivi kisicho na magari, koni chache, kofia ngumu na glavu kwa anayepimwa, na mkaguzi anayejua kutazama vidole vya mkono wa kulia. Maegesho ya viwanja vya mpira hukaa wazi asubuhi zisizo na mechi. Vyama vya bodaboda vina viongozi wanaoweza kuwapanga vijana kwa zamu, kijiwe baada ya kijiwe, waanze na wale ambao tayari wako barabarani.